Je, kupima ni kukosa imani?

SWALI: Mama yangu ana kisukari. Kwenye maombi ametangaziwa kwamba amepona, sasa ameacha dawa. Nikimwambia akapime, anasema sina imani. Nifanyeje?
Msomaji, Mabogini, Moshi

JIBU: Mwanangu, mpeleke mama akapime sukari leo hii. Mabishano yatangoja.

Mkirudi, someni pamoja Luka 17. Wakoma kumi walipomlilia Yesu, aliwatuma wakajionyeshe kwa makuhani, ambao kwa Torati ndio waliochunguza ngozi na kuthibitisha kwamba mtu ametakasika. Yesu hakuona ukaguzi huo kuwa tusi. Hata watu wa Beroya, katika Matendo 17, wanasifiwa kwa kuchunguza maandiko kila siku wahakikishe walichohubiriwa. Na mhubiri alikuwa Paulo mwenyewe!

Sisi Watanzania yametukuta kwa kutochunguza. Mwaka 2011 maelfu walimiminika Samunge, Loliondo, kunywa kikombe cha dawa cha shilingi 500 kwa mchungaji mstaafu Ambilikile Mwasapile, wakiamini kitawaponya, na wapo walioacha dawa za VVU wakazidiwa. Hapa Moshi, Februari 1, 2020, watu 20 walipoteza maisha kwenye mkutano wa maombi katika uwanja wa Majengo wakisukumana kukanyaga mafuta ya upako.

Imani ya watu wale siitilii shaka. Ninayemtilia shaka ni kiongozi anayeogopa kipimo. Kama mama amepona, vipimo vitaonyesha, naye atakuwa na ushuhuda wa kusimama nao kanisani. Mpaka daktari wake aseme vinginevyo, asiache dawa.