SOMO KWA WANACHAMA: TOVUTI YA BIASHARA IWE NA SURA MOJA



Somo la leo ni la kuuza, si la kuchuma. Siku hizi mnunuzi wa mbali huiona tovuti ya muuzaji kabla hajaliona gunia lake, na kwa anayoyaona humo huamua ama kuuliza bei ama kupita. Kwa hiyo yafaa tujue namna ya kuipa tovuti sura moja, yaani wazo moja linaloshika picha, rangi, herufi na nembo zote pamoja.

Mfano tulio nao majumbani

Itazameni kanga. Kanga ina pindo, ina mji, na ina jina. Pindo huzunguka pande zote nne, mji hukaa katikati, na jina husema neno lake kwa ufupi. Mchoraji mwema hawezi kutia pindo la namna moja na mji usiopatana nalo. Vyote huambatana, hata mtu aliye ng'ambo ya njia hutambua kuwa ile ni nguo moja.

Tovuti ni vivyo hivyo. Pindo lake ni nembo, rangi na aina ya herufi, ambavyo havibadiliki kutoka ukurasa mmoja hadi mwingine. Mji wake ni picha kuu. Jina lake ni sentensi moja isemayo nani anauza nini, na kutoka wapi.

Wenzetu wa Uluguru

Karafuu haiko visiwani peke yake. Katika milima ya Uluguru, mkoani Morogoro, wakulima wa sehemu kama Matombo, Mkuyuni na Kinole hulima karafuu, mdalasini na pilipili manga. Basi na tuchukue, kwa mfano tu, kikundi cha huko kinachotaka kufungua tovuti. Mtengenezaji awaletea picha ya pwani, minazi na jahazi, kwa kuwa watu wengi wakisikia karafuu hufikiri Unguja na Pemba. Je, waipokee?

La, wasiipokee, kwa sababu mbili. Kwanza, jahazi halipandi mlima. Mnunuzi akijua kwamba mzigo watoka Morogoro, atauliza ni lipi jingine lisilo kweli katika ukurasa ule. Pili, jina la karafuu ya visiwani lilijengwa kwa jasho la watu wengi tangu karne ya 19, na anayelivaa bila haki hutuumiza sisi, naye hubaki hana jina lake mwenyewe.

Nao wana mali yao ya kuonyesha. Upande wa mashariki wa Uluguru hupokea pepo zitokazo Bahari ya Hindi, ndiyo maana una mvua nyingi na ukungu. Katika milima hiyo huanza mto Ruvu, ambao maji yake hunywewa Dar es Salaam. Basi wazo lao liwe mlima, ukungu na mkarafuu: rangi ya kijivu cha ukungu, kijani cha jani, na hudhurungi ya karafuu kavu. Rangi tatu zatosha. Mnunuzi akiiona sura hiyo kwenye tovuti, kisha akaiona kwenye mfuko na kwenye ankara, ataikumbuka.

Hayo si mambo ya kubuni. Shirikisho la wakulima wa kahawa wa Colombia, lililoanzishwa mwaka 1927, lilikuja kutumia katika matangazo yake sura ya mkulima aitwaye Juan Valdez pamoja na nyumbu wake. Baadaye mkulima, nyumbu na milima vikawa nembo. Mtu huyo alibuniwa, lakini milima na kazi ya mkulima vilikuwa vya kweli, na kahawa yao ikajulikana duniani kwa sura hiyo.

Namna ya kufanya

1. Andikeni jina kwanza, kwa sentensi moja. Msipoweza kulisema kwa sentensi moja, picha haitawasaidia.

2. Pigeni picha zenu wenyewe shambani: matumba mtini, mchumaji kazini, karafuu juu ya jamvi. Pigeni asubuhi au alasiri, jua lisipokuwa kali.

3. Maandishi yasomeke. Herufi za kijivu juu ya weupe hupotea, khasa kwa anayesoma simu juani. Weusi juu ya weupe haujawahi kumkosesha mtu.

4. Picha ziwe nyepesi. Picha nzito humlia mnunuzi bando lake, naye huondoka kabla haijafunguka.

5. Bei, uzito na namna ya kuagiza viandikwe kwa maneno, visifichwe ndani ya picha.

6. Mwonyesheni ukurasa mtu asiyewajua, kwa muda wa kuhesabu hadi tano, kisha ufunikeni. Asipoweza kusema mnauza nini na mnatoka wapi, rudini kazini.

Onyo

Sura nzuri ni ahadi. Picha ikionyesha karafuu safi zenye vichwa, na gunia likafika limejaa makonyo, picha ile ile itakuwa shahidi dhidi yenu. Tena tovuti haikaushi karafuu wala haichambui. Kazi hiyo ingali juu ya jamvi. Mkulima aliyezoea kumwuzia mchuuzi mlangoni hupata kwa tovuti njia ya pili ya kuuzia, na njia hiyo hudumu kwa uaminifu tu.

Maswali ya kuzungumza kikundini

1. Sentensi yetu moja ni ipi?
2. Ni kitu gani cha shamba letu ambacho hakipatikani kwa jirani?
3. Je, gunia letu la mwisho lililingana na picha tunayotaka kuiweka?