Umezaliwa Mara ya Pili: Je, Deni la Zamani Limeisha?

Somo: Yohana 3:1–8, Luka 19:1–10, Filemoni 10–19

Kuna swali linarudi kila mara kwenye ushirika wa nyumbani hapa Huruma: kama mimi sasa ni kiumbe kipya, ile pesa ya chama niliyokula kabla sijaokoka bado nadaiwa?

1. Kuzaliwa ni kazi ya Mungu

Nikodemo alikuwa Farisayo na mwalimu wa Maandiko, mtu ambaye tungempa kiti cha mbele bila kuuliza. Hata huyo, Yesu alimwambia lazima azaliwe. Neno la Kiyunani lililoko pale, anothen, lina maana mbili: "tena" na "kutoka juu". Nikodemo alishika ile ya kwanza tu, ndiyo maana akaanza kuuliza habari ya kurudi tumboni mwa mama. Yesu alikuwa anazungumza juu ya Roho.

Hakuna mtoto aliyejizaa mwenyewe. Kwa hivyo usidhani ukimaliza kulipa watu ndio umeokoka. Mtu anaweza kuwa na hesabu safi na bado hajazaliwa.

2. Aliyezaliwa hatoroki deni

Nilisomea biashara chuoni, na ujanja huu unajulikana: mtu anafunga kampuni yenye madeni, anasajili nyingine kwa jina jipya, na waliokuwa wakimdai wanabaki wameshika vichwa. Wokovu si hivyo.

Angalia Onesimo. Paulo anasema alimzaa akiwa kifungoni. Lakini kwa Filemoni hakuandika kwamba deni limefutika kwa sababu kijana ameokoka. Alisema kama kuna deni, liandikwe kwake, yeye atalipa. Zakayo naye, Yesu alikubali kuingia kwake kwanza, ndipo akaahidi kurudisha mara nne. Neema ilitangulia, mkono ukafuata.

Wazee wetu wa Uamsho wa Afrika Mashariki walilijua hili. Uamsho ule ulishika moto Gahini, Rwanda, miaka ya 1930, ukaenea Uganda na kufika Kenya. Waliookoka walirudisha vitu walivyoiba, wakalipa madeni, wakatubu mbele ya watu. Hata jirani asiyeamini aliona kuna kitu kimetokea.

3. Wiki hii ufanye nini

- Andika majina ya wanaokudai, na kiasi.
- Mwendee anayekudai kabla hajakutafuta. Kama ni chama, anza na mwenyekiti na mweka hazina.
- Kama huna zote, sema ukweli, mkubaliane. Shilingi 100 kwa wiki, ukituma kwa M-Pesa bila kuruka, ni 5,200 kwa mwaka.
- Pesa ya mama mboga usituletee madhabahuni kama sadaka ya shukrani. Mpelekee mwenyewe.

Wengine watakusamehe, wengine watakutukana. Lipa tu. Hulipi ili Mungu akupende. Unalipa manake tayari wewe ni mtoto wake.

Swali la kujadili: Ni nani katika ploti yenu angeshangaa akisikia umeokoka, na kwa nini?

Tuombe: Baba, tuzae kwa Roho wako, na utupe ujasiri wa kubisha mlango wa yule tunayemkwepa. Katika jina la Yesu, Amina.