SOMO LA MLIMA HANANG

Msafiri atokaye Kondoa kwa njia kuu ya kaskazini hufika Babati. Na akigeuka kuelekea magharibi hufika Katesh, chini ya mlima Hanang. Mlima huu una kimo cha zaidi ya mita 3,400 juu ya usawa wa bahari, nao umesimama peke yake, hata waonekana kutoka mbali sana. Mwalimu aweza kuwapandisha wanafunzi wakubwa na kurudi nao siku ile ile; lakini yampasa ajue kwanza atakalowafundisha.

Hanang ni volkano, yaani mlima uliojengwa na moto wa chini ya nchi. Hapo kale ardhi ya Bonde la Ufa ilipasuka, mawe yaliyoyeyuka yakatoka pamoja na majivu, yakarundikana tabaka juu ya tabaka. Moto wa Hanang umezimika zamani. Ol Doinyo Lengai ungali hai, nao ulilipuka mwaka 2007 na 2008. Karthala, katika kisiwa cha Ngazija, ulilipuka mwaka 2005, na majivu yake yakaharibu maji ya mvua ambayo watu walikuwa wameyaweka akiba kwa kunywa.

Safari ya Hanang huanza kabla ya jua kuchomoza, kwa idhini na kwa kiongozi mwenyeji, maana msitu wake ni wa hifadhi. Kupanda na kushuka huchukua saa kumi au zaidi. Kila mtu achukue maji yake mwenyewe na nguo ya baridi. Mtapita mashamba, kisha msitu, kisha majani na vichaka, na mwisho ukingo wa mawe wenye upepo mkali. Wanafunzi watazame jinsi mimea ibadilikavyo, na jinsi korongo dogo la juu liwavyo kubwa huko chini. Siku ya mvua msipande.

Tarehe 3 Desemba 2023, baada ya mvua kubwa, sehemu ya mlima yenye miamba dhaifu ilinywa maji ikaporomoka. Tope, mawe na magogo yakashuka hata Katesh na vijiji vya jirani, na watu zaidi ya 80 wakafa. Wengine walidhani volkano imeamka. Wataalamu wakachunguza wakaona sivyo. Basi mlima uliozimika moto waweza kuua kwa maji.

Sisi wa Kondoa tusiseme kwamba hayo ni ya wenzetu. Vilima vya Irangi si volkano, lakini vilikwisha kuliwa na makorongo, hata mwaka 1973 ikaanzishwa kazi ya Hifadhi Ardhi Dodoma, na mwaka 1979 mifugo ikaondolewa katika eneo lililoharibika. Lilikuwa jambo zito kwa wenye ng'ombe. Lakini majani na miti vikarudi. Mwenye kujenga asijenge katika mkondo wa maji, hata kama umekauka miaka mingi, kwa kuwa maji hayasahau njia yake. Na wazee wakiona ufa mpya mlimani, au maji ya mto yamegeuka tope ghafula, wawaondoe watu upesi bila kungoja.

Maswali kwa wanafunzi:
1. Volkano hujengwa na nini?
2. Ni nini kilichoporomosha tope la Hanang?
3. Taja mkondo mkavu ulio karibu na kwenu. Je, ni nani amejenga ndani yake?