SOMO LA WANACHAMA: MCHANGO WA HIARI KWENYE LANGO LA SOKO

Madhumuni ya somo

Somo hili limekusudiwa makatibu wa vyama vya msingi pamoja na vikundi vya wanachama vinavyojisomea. Baada ya kulisoma na kulijadili, mwanachama ataweza kueleza mambo matatu: jinsi programu huria zinavyogharimiwa, sababu ya maduka ya programu za simu kuweka masharti juu ya upokeaji wa michango, na mafunzo ambayo chama chochote kinachofanya kazi kwa faida ya wote kinaweza kuyapata katika jambo hilo.

1. Kazi ya wachache kwa faida ya wengi

Programu ni maelekezo yanayoiamuru kompyuta au simu itende kazi fulani. Maelekezo hayo huandikwa na watu, na maandishi yenyewe huitwa msimbo. Makampuni mengi huuza programu na kuuficha msimbo wake. Programu huria ni zile ambazo msimbo wake umewekwa wazi, na leseni yake humruhusu mtu yeyote kuitumia, kuisoma, kuirekebisha na kuwagawia wengine.

Mfano mashuhuri ni Linux, iliyoanzishwa mwaka 1991 na Linus Torvalds, aliyekuwa mwanafunzi nchini Finland. Simu zote za Android zimejengwa juu ya msingi wa Linux. Kwa hiyo katibu anayepokea habari za bei ya mazao kwa simu ya namna hiyo anafaidi jasho la maelfu ya watu ambao hajapata kuwaona.

Hata hivyo, kitu kinachotolewa bure hakikosi gharama. Mwandishi wa programu hula, hulipa kodi ya nyumba na hununua vifaa. Hatari ya kulisahau jambo hilo ilionekana mwezi Aprili 2014, ilipofichuliwa kasoro iliyoitwa Heartbleed katika programu huria ya OpenSSL. Programu hiyo ndiyo iliyokuwa ikilinda siri za mawasiliano katika sehemu kubwa ya intaneti, yakiwamo ya mabenki na maduka. Ndipo ilipojulikana kwamba OpenSSL ilikuwa ikipata michango ya dola zipatazo 2,000 tu kwa mwaka, na kwamba mtu mmoja tu ndiye aliyekuwa akiajiriwa kuishughulikia kwa muda wake wote. Baada ya hapo makampuni makubwa yaliyokuwa yakiitumia bila kutoa chochote yalikubali kuchanga fedha kwa kupitia shirika la Linux Foundation.

2. Lango la soko na mwenye lango

Zamani mwandishi aliweza kuitoa programu yake kwa njia yoyote aliyopenda. Ujio wa simu za kisasa ulileta maduka ya programu. Apple ilifungua duka lake mwezi Julai 2008 likiwa na programu zipatazo 500. Google ilifuata mwezi Oktoba mwaka huo huo. Katika simu ya Apple, kwa miaka mingi duka hilo lilikuwa ndilo mlango pekee wa mtu wa kawaida kupata programu. Katika simu za Android milango mingine ipo, lakini watu walio wengi hupita mlango wa Google.

Wenye maduka walijiwekea kamisheni ya asilimia 30 ya mauzo. Mwaka 2021 kampuni zote mbili zilipunguza kiwango hicho hadi asilimia 15 kwa wauzaji wadogo: Apple kwa wale ambao mapato yao hayazidi dola milioni 1 kwa mwaka, na Google kwa dola milioni 1 za kwanza za kila muuzaji.

Hesabu yake ni nyepesi. Watu 100 wakitoa dola 5 kila mmoja, jumla ni dola 500. Zikipita katika mfumo wa malipo wa duka kwa kamisheni ya asilimia 30, mwandishi atapokea dola 350, na mwenye duka dola 150. Kwa kamisheni ya asilimia 15, mwandishi atapokea dola 425. Haba na haba hujaza kibaba, lakini kibaba chenye tundu huchelewa kujaa.

Mwanachama wa ushirika hawezi kushangazwa na makato, kwa kuwa hata chama chake hukata ushuru katika kila kilo ya mazao. Tofauti iko katika mamlaka. Ushuru wa chama hupitishwa na mkutano mkuu, na mwanachama ana haki ya kuupinga, kuuliza matumizi yake na kuupigia kura. Kamisheni ya duka la programu hupangwa na mwenye duka peke yake, na muuzaji hana ila kukubali au kuondoka.

3. Bei, zawadi na mchango

Kanuni kuu ya maduka hayo ilikuwa kwamba kitu kinachotumika ndani ya programu kikiuzwa humo, malipo yake sharti yapite katika mfumo wa malipo wa duka. Bidhaa za kushikika na huduma za nje ya simu hazikuhusika. Mtu akiagiza gunia la mchele au akiita teksi kwa programu ya simu, duka halidai kamisheni.

Mchango wa hiari ulikuwa katikati ya mambo hayo mawili. Mtoaji hanunui kitu. Programu anayo tayari, tena bure. Lakini fedha hutoka mfukoni mwake kwa sababu ya programu hiyo. Kanuni za Google zilisamehe michango iendayo kwa mashirika ya hisani yaliyothibitishwa kuwa hayatozwi kodi. Kanuni za Apple ziliruhusu mashirika yasiyo ya faida yaliyokubaliwa na kampuni hiyo kukusanya michango ndani ya programu, na ziliruhusu mtu kumpa mtu mwingine zawadi ya fedha, mradi zawadi iwe ya hiari, imfikie mpokeaji yote kamili, na isihusiane na kupewa kitu chochote cha kidijitali.

Masharti hayo yaliwaacha nje wengi wa waandishi wa programu huria. Aghalabu mwandishi wa namna hiyo ni mtu mmoja au kikundi kidogo cha marafiki waliotawanyika katika nchi mbalimbali. Hawana cheti cha hisani, wala hawafanyi biashara.

4. Mfano wa WireGuard

WireGuard ni programu huria iliyoanzishwa na Jason A. Donenfeld. Kazi yake ni kuyafunika mawasiliano ya mtu ili yasisomwe njiani na wasiohusika. Programu yake ya simu za Android ilitolewa bure katika duka la Google, na ndani yake palikuwa na kiungo kilichompeleka mtumiaji kwenye ukurasa wa kuchangia.

Mwezi Oktoba 2019 Google iliiondoa programu hiyo dukani kwa sababu ya kiungo hicho, ikisema kuwa kimevunja kanuni ya malipo. Waliokuwa wakiitafuta hawakuiona tena. Kiungo kilipoondolewa, programu ilirudi. Hakuna aliyedai kwamba programu ilikuwa na hila au kwamba watumiaji walidanganywa. Kosa lilikuwa mstari mmoja ulioomba msaada.

Miezi michache baadaye, Machi 2020, msimbo wa WireGuard uliingizwa katika Linux yenyewe, yaani katika msingi ule ule ambao simu za Android zimejengwa juu yake. Hivyo kazi iliyozuiwa kuomba mchango mlangoni ilipokelewa kuwa sehemu ya msingi wa jengo.

5. Hoja za pande zote mbili

Ni haki kuzisikiliza hoja za wenye maduka. Ya kwanza ni kwamba kila muuzaji angeweza kuiita bei yake "mchango" ili aikwepe kamisheni, na duka lingebaki na gharama za kuhifadhi, kukagua na kusambaza programu. Ya pili ni kwamba matapeli hupenda kujificha nyuma ya neno la hisani, na duka halina njia nyepesi ya kumjua mkweli. Ya tatu ni kwamba malipo yanayopita dukani huweza kurudishwa kwa mteja anapolalamika.

Kwa upande wa pili, waandishi wa programu huria husema kwamba mchango wa kweli unaweza kutambuliwa: mtoaji hapati cha ziada, na asiyetoa hanyimwi kitu. Husema pia kwamba programu za bure huwavuta watu dukani na kuipa simu thamani, kwa hiyo mwenye duka naye hufaidika. Mwisho, husema kuwa kumtaka mtu mmoja awe shirika la hisani kabla ya kupokea dola 5 ni kumtwika mzigo asioweza kuubeba.

Hoja hizi zote zina uzito. Tatizo ni kwamba anayeziamua ni mmoja wa wadaawa.

6. Njia zilizotumiwa

Waandishi hawakukaa kimya. Njia nne zimejitokeza.

(a) Kuunda chombo cha kisheria. Signal, programu huria ya kutumiana ujumbe, inamilikiwa na shirika lisilo la faida lililosajiliwa Marekani. Kwa hadhi hiyo, mwezi Desemba 2021 ilianza kupokea michango ndani ya programu yenyewe.

(b) Kujiunga chini ya mwavuli. Yapo mashirika yanayopokea michango kwa niaba ya miradi mingi isiyo na usajili wake. Software in the Public Interest, lililoanzishwa mwaka 1997, ni mlezi wa mradi wa Debian. Software Freedom Conservancy, lililoanzishwa mwaka 2006, ni mlezi wa Git na mingine mingi. Mantiki yake ni ile ile ya vyama vidogo kuunda chama kikuu.

(c) Kuuza kwa anayetaka kununua. Krita, programu huria ya kuchorea, hutolewa bure katika tovuti yake, lakini huuzwa katika duka la Microsoft. Anayenunua hulipia urahisi na huchangia kazi. Mwezi Juni 2022 Microsoft ilitangaza kanuni ya kuzuia kutoza bei kwa programu huria zinazopatikana bure kwingine. Waandishi walipinga kwa nguvu, na mwezi uliofuata kanuni ikarekebishwa kabla ya kuwaumiza.

(d) Kuwa na mlango wa pili. F-Droid, duka la programu huria za Android lililoanzishwa mwaka 2010, huonyesha wazi namna ya kumchangia mwandishi wa kila programu inayopenda, wala halikati kitu.

7. Mahakama na serikali

Mamlaka ya wenye maduka yamefikishwa pia mbele ya sheria. Nchini Marekani kampuni ya michezo ya Epic Games iliishtaki Apple mwezi Agosti 2020. Mwaka 2021 Hakimu Yvonne Gonzalez Rogers aliamuru waandishi waruhusiwe kuwaelekeza wateja kwenye malipo ya nje, na mwezi Aprili 2025 alitamka kwamba Apple imeikaidi amri hiyo. Mwezi huo huo Tume ya Ulaya iliitoza Apple faini ya euro milioni 500 kwa kuwazuia waandishi wasiwaambie wateja juu ya bei za nje, kinyume cha Sheria ya Masoko ya Kidijitali.

Mashauri hayo yalihusu zaidi biashara kuliko michango, na amri hizo zilihusu masoko ya Marekani na Ulaya. Hata hivyo yalithibitisha jambo moja: kanuni ya mwenye soko inaweza kuhojiwa na wale inaowabana.

8. Mafunzo kwa vyama

Kwanza, kinachotolewa bure kina mtu anayekigharimia. Chama kinachotumia programu huria ofisini kinapaswa kujua nani anaitunza, na mkutano mkuu unaweza kutenga kiasi kidogo kila mwaka kwa ajili ya kuichangia.

Pili, mchango na bei viandikwe mbali katika vitabu. Mchango usio na stakabadhi yake hufanana na mauzo yaliyofichwa, na mkaguzi ana haki ya kuutilia shaka.

Tatu, usajili ni ngao. Kikundi chenye katiba, akaunti yake na hesabu zilizokaguliwa hupokelewa mahali ambapo mtu mmoja, hata akiwa mwaminifu, hukataliwa.

Nne, chama kisitegemee mlango mmoja usio wake. Kabla ya kuingia katika soko la mtu mwingine, kamati isome masharti yote, hasa lile linaloeleza ni nani mwenye uwezo wa kuyabadilisha.

Maswali ya kujadiliwa

1. Taja tofauti mbili kati ya ushuru wa chama na kamisheni ya duka la programu.
2. Je, ingekuwa haki kwa mwenye ghala kumkataza mkulima asipokee msaada wa jirani yake ndani ya ghala hilo? Eleza sababu.
3. Watu 60 wamechanga dola 4 kila mmoja kwa kupitia duka linalokata asilimia 15. Mwandishi atapokea dola ngapi?
4. Chama chenu kinatumia programu zipi? Ni zipi kati ya hizo zilizo huria, na ni nani anayezitunza?