Wareno Walitafuta Nini Baharini?

Kila apitaye Mombasa huiona Ngome. Lakini ukimwuliza kijana ni nani walioijenga, na ni lipi lililowaleta, hujibu, "Wareno," kisha akanyamaza. Katika darasa hili twataka kuzitazama sababu zilizowatoa watu hawa kwao, na athari walizotuachia.

Sababu ya kwanza ni biashara. Pilipili na mdalasini zilitoka Bara Hindi na nchi za mashariki, zikapita mikononi mwa wafanyi biashara Waislamu hata Misri na Sham, kisha watu wa Venice wakazipeleka Ulaya. Kila mkono ulitwaa faida yake. Wareno walitaka kuifikia asili ya mali ile wao wenyewe. Ya pili ni dhahabu ya Afrika. Ya tatu ni dini: waliuteka mji wa Ceuta mwaka wa 1415, wakatumai kumpata mfalme wa Kikristo aliyesimuliwa kuwa yuko Habash, wapate kuwazunguka Waislamu kwa nyuma.

Ya nne, nayo yafaa kuzingatiwa sana, ni ilimu. Kila safari ilikuwa somo kwa safari iliyofuata. Bartolomeu Dias aliizunguka ncha ya kusini ya Afrika mwaka wa 1488; Vasco da Gama akatoka Lisbon mwaka wa 1497 akiijua njia ile. Na usturlabu waliyopimia jua na nyota ni chombo ambacho ilimu yake ilikuzwa na Waislamu!

Mwezi wa Aprili 1498, da Gama hakupatana na watu wa Mombasa, lakini Malindi walimkaribisha, kwani miji hii miwili ilikuwa na uhasama. Sultani wa Malindi akampa rubani wa kumvusha mpaka Bara Hindi. Wengi wetu husema rubani huyo ni Ahmad bin Majid. Lakini vitabu vya Wareno wenyewe vyamtaja kuwa mtu wa Gujarati, na wanahistoria wengi wa leo wameikataa kauli ile ya kwanza. Yatupasa kuisahihisha.

Sasa tutazame athari. Mwaka wa 1505 Francisco de Almeida aliiteka Kilwa, kisha akaipora Mombasa na kuitia moto. Mwaka wa 1509 Wareno walizishinda merikebu za Misri na za Gujarati huko Diu. Wakaishika Goa mwaka wa 1510, na Malacca mwaka wa 1511. Bahari iliyokuwa njia ya wote ikawa haipitwi kwa amani ila kwa hati yao ya kununua.

Je, Malindi ilipata nini kwa urafiki wake? Mwaka wa 1593 Wareno walianza kujenga Ngome, wakamweka sultani wa Malindi atawale Mombasa, na mji wake wa kale ukadhoofika. Mrithi wake, Sultani Hassan, aligombana nao akauawa mwaka wa 1614. Mwanawe Yusuf alichukuliwa Goa akabatizwa. Aliporudi kutawala akaasi mwaka wa 1631. Kisha Wareno walizingirwa Ngomeni na watu wa Omani tangu 1696, nayo ikaanguka Desemba 1698.

Hatukatai kwamba yalibaki na ya manufaa. Mahindi na mihogo tulayo asili yake ni bara la Amerika, na maneno meza, leso na bendera twayatamka kila siku. Lakini bei yake ilikuwa kubwa.

Basi tusiseme tu kwamba Wareno walitushinda kwa mizinga. Mizinga walikuwa nayo, ni kweli. Lakini mlango waliukuta wazi, kwa kuwa jirani alipenda kumsaidia mgeni kuliko kupatana na jirani yake. Na khabari za safari ile ya 1498 twazisoma zaidi katika maandishi yao, si yetu. Asiyepatana na jirani yake hutawaliwa na mgeni, na asiyeandika khabari zake huandikiwa. Watoto wetu wapitapo Ngome, na wafundishwe haya mawili.