Sauti ya Gari la Moshi Juu ya Kamyo

Ndugu mfanyakazi, hapa Bunia hatuna reli. Ile ya Vicicongo ilifika Mungbere mwaka 1937 na haikuendelea mpaka kwetu. Lakini sauti ya gari la moshi tunaisikia barabarani, kwani wako madereva waliofunga honi za namna hiyo juu ya kamyo zao. Ni vizuri ujue chombo hicho kinavyofanya kazi, na hatari yake.

Inavyolia. Honi ndogo ya motokari hulia kwa umeme wa batri. Honi ya gari la moshi hulia kwa hewa iliyoshindiliwa na kompresa ndani ya tangi. Dereva akifungua vali, hewa hutoka kwa nguvu na kutikisa kiwambo chembamba. Pembe iliyo mbele ya kiwambo huikuza sauti: pembe ndefu hutoa sauti nzito, fupi hutoa sauti nyembamba. Treni hupewa sauti kubwa hivyo kwa sababu haiwezi kusimama upesi. Lazima isikike mbali.

Hatari ya masikio. Sheria ya Marekani inataka honi ya treni itoe desibeli 96 hadi 110, ikipimwa mita 30 mbele yake. Ukisimama mita 3, sauti huongezeka kwa desibeli 20 hivi. Wataalamu wa afya kazini hushauri mtu asikae katika desibeli 85 zaidi ya saa 8 kwa siku. Katika desibeli 100, dakika 15 tu. Vinywele vidogo vya ndani ya sikio vikifa havioti tena, wala hakuna dawa ya kuvirudisha.

Hatari ya breki. Kamyo kubwa hufunga breki kwa hewa. Fundi akiunga honi kwenye tangi la breki bila vali ya kulinda, bomba likivuja, hewa ya breki nayo hupungua. Katika mteremko wa kwenda Kasenyi, hilo si jambo la mzaha.

Basi, ufanye hivi:

1. Usifunge honi ya treni kwenye gari. Honi iliyokuja na gari inatosha.
2. Kila asubuhi toa maji katika matangi ya hewa, tazama kipimo, sikiliza mivujo.
3. Mgodini, fuata ishara za kazi yako. Katika migodi mingi ya wazi, mlio 1 ni kuwasha mashini, 2 kwenda mbele, 3 kurudi nyuma.
4. Usipige honi karibu na hospitali, shule, wala mtu aliye mbele ya gari lako. Punguza mwendo.
5. Masikio yakivuma baada ya kazi, mwone muuguzi.

Nanyi akina mama na baba, wafundisheni watoto: honi ikilia, kaa pembeni, usikimbie kuvuka.

Kumbuka: honi huonya tu. Kinachosimamisha gari ni breki.