PATASI MPYA YATAKA KUTENGENEZWA KABLA YA KAZI

Katika fuko za Ziwa Victoria upande wa Kenya, kuanzia Dunga karibu na mji wa Kisumu hadi Usenge na Mbita, mafundi huunda mashua za wavuvi kwa mbao. Kwanza hulazwa mkuku, kisha husimamishwa mataruma, ndipo mbao za ubavuni zikapigiliwa misumari na nafasi zake kutiwa kalafati ya pamba. Pale taruma linapokutana na mkuku hapana budi kuchongwa kwa patasi. Kiungo kikichongwa ovyo hulegea, maji hupenya, na mashua huweza kufunguka siku ya dhoruba, mbali na nchi kavu. Kwa hiyo usalama wa wavuvi umo pia katika makali ya patasi ya fundi.

Watu wengi hudhani ya kuwa patasi itokayo dukani i tayari kwa kazi. Sivyo. Kiwandani hunolewa kwa mashine tu, na makali yake huachwa na mikwaruzo mingi.

Kwanza, patasi ikaguliwe dukani kabla ya kulipiwa. Mnunuzi aishike mbele ya jicho moja na kuitazama kwa urefu wake. Chuma kisiwe kimepinda, wala mpini usiwe umekwenda upande. Mpini usiwe na ufa, na pete yake isicheze.

Pili, uondolewe utandu wa vanishi au mafuta uliopakwa ili kuzuia kutu. Mafuta huondoka kwa mafuta ya taa, na vanishi kwa spiriti.

Tatu, utazamwe upande wa bapa, yaani upande usio na mwinamo. Huu ndio husahauliwa na wengi, nao ni nusu ya makali. Fundi aupake wino kiasi cha inchi moja karibu na makali, kisha ausugue juu ya jiwe la kunolea lililo sawa, au juu ya msasa uliobandikwa kwenye kioo kinene. Mahali wino unapobaki ndipo penye bonde. Aendelee kusugua, patasi ikilala kabisa, mpaka wino wote uishe na chuma king'ae hadi ukingoni. Kazi hii huchosha, lakini kwa kawaida hufanywa mara moja tu katika maisha ya patasi.

Nne, unolewe mwinamo. Kwa mti mgumu kama mvule yafaa pembe ya digrii 30. Asiye na chombo cha kupimia apime hivi: urefu wa mwinamo uwe mara mbili ya unene wa chuma. Mwinamo mrefu zaidi huingia upesi katika mti laini, lakini katika mvule makali yake huvunjika, kwa maana mvule mara nyingine huwa na chokaa iliyoganda ndani yake kama jiwe. Anayetumia jiwe la kuzungusha achovye patasi majini mara kwa mara. Chuma kikigeuka rangi ya buluu, ugumu wake umepotea, na sehemu hiyo haina budi kusagwa yote.

Kunoa kukitosha, kidole kikipitishwa polepole upande wa bapa, kutoka mpinini kuelekea nje, husikia ukingo mwembamba wa chuma uliojikunja. Ukingo huo uondolewe kwa kulaza bapa juu ya jiwe laini na kusugua mara chache.

Tano, patasi ijaribiwe, wala si kwa kidole. Fundi akate kichwa cha ubao laini wa msonobari, akivuka nyuzi zake. Patasi kali huacha uso laini unaong'aa. Patasi butu huziponda nyuzi na kuacha vishimo.

Baada ya kazi, chuma kipanguswe mafuta na kufungwa kitambaani, kwa kuwa hewa ya ziwani ina unyevu na kutu huanza upesi. Tena mkono usikae mbele ya makali wakati wa kuchonga. Patasi kali hutii nguvu ndogo. Iliyo butu husukumwa kwa nguvu nyingi, na ikiteleza hujeruhi fundi mwenyewe kabla ya kuharibu mashua ya mvuvi.